Moto wa Juni na moto wa Oktoba katika msitu wa Katanga

Mvua zikikatika mwezi wa Aprili, nyasi ndefu chini ya miti ya miombo huko Haut-Katanga zinaanza kukauka. Kufika Agosti, moshi unaonekana kila upande. Wengine wanasema moto ndio adui wa msitu, na kwamba ukizimwa kabisa miti itapona. Historia ya eneo hili haisemi hivyo.

Zamani za mababu, Walamba na Walala wa upande wa Sakania, na ndugu zao Wabemba wa Zambia, walilima kwa njia inayoitwa chitemene. Kwa Wabemba, wanaume walipanda juu ya miti wakakata matawi, wakaacha shina limesimama. Matawi yalirundikwa, yakakauka, na mwisho wa kiangazi yakachomwa. Ulezi ulipandwa katika majivu. Kwa Wabemba, moto huo ulingoja ishara ya chifu. Ukiponyoka kabla ya siku yake, kazi ya miezi ilipotea. Baadaye shamba liliachwa lipumzike miaka mingi, na mashina yakachipuka tena. Wakubwa wengi wa kikoloni waliona humo uharibifu tu, ingawa mji wao wenyewe ulikuwa na njaa ya miti. Reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na mwaka uliofuata tanuru la shaba likawashwa. Kuni na mbao zilitoka wapi, kama si katika msitu uleule?

Mwaka wa 1933, huko Ndola, ng'ambo ya mpaka na si mbali na Sakania, Waingereza walianza jaribio lililoendelea miaka mingi. Vipande vya msitu viligawanywa kwa namna tatu: vingine vilichomwa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, vingine vilichomwa mwishoni, karibu na mvua, vingine vililindwa moto usiguse kabisa. Mtaalamu Colin Trapnell alitoa matokeo mwaka wa 1959. Moto wa mwisho wa kiangazi, ukirudi kila mwaka, ulimaliza miti na kuacha nyasi. Palipolindwa, miti ilisongamana na kichaka kikashika nafasi chini yake. Palipochomwa mapema, miombo ilidumu.

Sababu yake mkulima yeyote anaielewa. Mwezi wa Juni nyasi bado zina ubichi kidogo, asubuhi kuna umande, na moto unatambaa chini. Mwezi wa Oktoba nyasi zimekauka kabisa, na miombo imekwisha kutoa majani mapya kabla hata ya mvua. Moto wa wakati huo unaunguza majani hayo na kuua miti michanga. Jua linapata njia, nyasi zinaongezeka, na mwaka unaofuata moto una chakula zaidi.

Ndiyo maana kupunguza miti kunataka akili. Katika misitu ya misonobari ya Marekani, kutoa miti iliyosongamana kunapunguza nguvu ya moto. Katika miombo, ukitoa mingi mno, unakaribisha nyasi. Njia inayofaa hapa ni ya kwenye kisiki: mti uliokatwa unatoa machipukizi mengi, mkulima anabakiza mawili au matatu yenye nguvu, mengine anayafanya kuni. Yaliyobaki yanakua haraka, kivuli kinarudi, na nyasi zinadhoofika.

Lakini hiyo ni kazi ya miaka, na mbabula za Lubumbashi zinataka makala leo. Mchoma makala asiye na haki juu ya ardhi hana sababu ya kutunza kisiki ambacho mwingine atakuja kukikata.

Kwa familia zilizokimbia vita jambo hili ni zito zaidi. Nyumba ya nyasi iliyojengwa Juni pembeni ya kijiji inakuwa kuni kavu ifikapo Septemba. Mgeni hajui wenyeji wanachoma lini wala upepo unatoka wapi. Mahali ambapo nyasi za kuzunguka nyumba zimefyekwa mapema, na chifu ametangaza siku ya kuchoma, moto wa porini ukija unakuta udongo mtupu. Pasipofyekwa, familia inaamka usiku kutafuta watoto ndani ya moshi.