Hali Iliyotangulia Bima: Istilahi Isiyokamilika Bila Tarehe

Mikataba ya bima ya afya ina istilahi ya Kiingereza, "pre-existing condition", ambayo Kiswahili bado hakijaipatia jina moja. Wapo waandikao "ugonjwa wa awali", wapo waandikao "ugonjwa uliokuwepo", na wapo wanaotumia njia ya mkato na kusema "ugonjwa sugu". Hili la mwisho ndilo lenye madhara. Usugu ni sifa ya maradhi yenyewe: pumu, kisukari na shinikizo la juu la damu huitwa sugu kwa kuwa hukaa na mgonjwa miaka mingi, pengine maisha yote. Kutangulia si sifa ya maradhi hata kidogo. Ni uhusiano baina ya maradhi na tarehe ya kuanza kwa mkataba. Aliyepata pumu miaka miwili baada ya kujiunga ana ugonjwa sugu usiotangulia, na aliyevunjika mguu mwezi mmoja kabla ya kujiunga ana jambo lililotangulia lisilo sugu. Napendekeza tuseme "hali iliyotangulia bima". Neno "hali" linafaa kuliko "ugonjwa" kwa sababu kampuni za bima huhesabu pia jeraha la zamani na hata ujauzito, ambao si ugonjwa. Neno "bima" nalo lisiachwe, maana bila hilo msomaji hajui kilichotanguliwa ni nini.

Hata hivyo, kutangulia kwenyewe kunahitaji kipimo. Hali inaweza kuwa ilikuwemo mwilini, au ilijulikana, au ilitibiwa, na haya ni mambo matatu tofauti. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kuwa wanalo. Mkataba unaosema tu "iliyokuwepo" unaipa kampuni nafasi ya kurudi nyuma na kudai kwamba presha iliyogunduliwa leo ilianza zamani, naye mteja hana namna ya kukanusha. Marekani ililiona tatizo hili mapema. Sheria yake ya mwaka 1996 ijulikanayo kama HIPAA iliruhusu bima za waajiri kuiwekea mipaka hali moja tu: ile ambayo mtu alipata ushauri, uchunguzi au matibabu yake ndani ya miezi 6 kabla ya kujiunga. Kizuizi hakikuruhusiwa kuzidi miezi 12, au 18 kwa aliyechelewa kujiunga, na ujauzito haukuhesabiwa kabisa. Kipimo hicho kilitazama cheti cha daktari, hakikubahatisha yaliyokuwa yakitendeka mwilini bila mtu kujua. Tafsiri nzuri basi haimalizi kazi. Lazima mkataba ueleze mara moja, karibu na istilahi hiyo, ni ushahidi gani unaothibitisha kutangulia na unarudi nyuma hadi lini.

Watetezi wa kampuni wana hoja ambayo haipaswi kupuuzwa: mtu akiruhusiwa kujiunga siku anapougua, wazima hawatalipa, na mfuko utafilisika. Tanzania imeyaona haya. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika mpango wake wa watoto, Toto Afya Kadi, ukieleza kuwa wengi walioingizwa walikuwa tayari wagonjwa. Lakini hoja hiyo inathibitisha haja ya kuwaingiza wote, haithibitishi haki ya kumkatalia mgonjwa. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 2010, ilipopiga marufuku kukataa au kutoza zaidi kwa sababu ya hali iliyotangulia, marufuku iliyowafikia watu wazima Januari 2014, iliambatanisha vipindi maalumu vya kujiunga na faini kwa asiye na bima. Faini ya serikali kuu ilishushwa hadi sifuri kuanzia 2019, ila marufuku imebaki. Kenya na Tanzania nazo zilitunga mwaka 2023 sheria zinazolenga bima ya afya kwa wote. Kila raia akiwa ndani tangu mwanzo, suala la nani alitangulia kuugua linakosa maana. Istilahi hii huishi pale tu ambapo kujiunga ni hiari.

Pingamizi jingine ni la lugha: maneno matatu ni mengi, na mtu wa kawaida atafupisha. Afupishe, mradi mkataba umeshaeleza. Hata "hali tangulizi" itaeleweka baada ya hapo. Kisichokubalika ni kufupisha kwa neno lenye maana nyingine. Anayepokea barua ya kukataliwa kwa dai iliyosema tu "ugonjwa wako ni sugu" hajapewa sababu, amepewa maelezo ya ugonjwa wake. Ana haki ya kuuliza kwa maandishi: ni kifungu gani cha mkataba, ni tarehe gani ya kuanza, ni kumbukumbu ipi ya hospitali inayoonyesha nilitibiwa kabla yake, na kipindi cha kusubiri kabla hali hiyo haijaanza kulipiwa kinaisha lini? Kama kweli alijua na akaficha kwenye fomu, kampuni ina hoja nzito. Lakini ikiwa, kama ilivyo mara nyingi, alijibu alichojua, mzigo wa kuthibitisha ubaki kwa anayekataa kulipa, na istilahi iandikwe kwa namna itakayomkumbusha mzigo huo.