Kabla Hatujauza Gari la Wagonjwa

Ndugu zangu wa nyumbani,

Mwaka huu mtaombwa kuamua kama tuuze gari letu la wagonjwa, lile la dizeli ambalo sasa linalala gereji kuliko linavyotembea. Kabla ya kunyoosha mikono, tukumbushane tulikotoka.

Wazee wetu walibeba mgonjwa kwa machela. Vijana walipokezana mabegani, na njiani watu walitoka majumbani kuuliza ni nani. Wa upande wa ziwa walielekea Shirati, ambako Wamenoniti walifika mwaka 1934. (Huko nako kulikuwa Tarime hadi Rorya ilipokuwa wilaya mwaka 2007.) Aliyepelekwa Musoma aliukuta Mto Mara pale Kirumi akasubiri kivuko, mpaka daraja lilipojengwa miaka ya 1980. Bugando ilipofunguliwa Mwanza mwaka 1971 tulipata hospitali kubwa ya rufaa, na safari ikarefuka.

Hapo ndipo dizeli ilipojipatia heshima. Injini ya Land Cruiser iitwayo 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, haihitaji kompyuta. Fundi wa Sirari au Mugumu huifungua kwa spana na kuifunga. Kwa barabara kama ya Tarime hadi Mugumu, kilomita zipatazo 87, hilo si jambo dogo.

Mimi ni mhasibu, niruhusuni niseme la kihasibu. Gari huchakaa hata likisimama. Letu lilipofika tulipiga makofi, tukapiga picha, lakini hatukutenga hata shilingi moja kwa ajili ya litakalofuata. Leo thamani yake vitabuni imekwisha, na bei atakayotoa mnunuzi haitoshi kununua jingine.

Kuuza nako kuna mitego. Kama liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, likienda kwa asiye na msamaha ushuru unadaiwa. Tuulize TRA kwanza. King'ora, taa na maandishi vitolewe. Na kadi ibadilishwe jina siku ileile. Niliwahi kuuza gari langu dogo kwa maneno matupu, na faini za trafiki ziliendelea kuja kwa jina langu kwa miezi.

Wapo wanaosema hatuhitaji gari tena. Hoja yao ina uzito: tangu 2022 mpango wa m-mama umesambazwa nchini, na mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura hupigiwa simu 115 bila malipo, akafuatwa na gari la wagonjwa au dereva wa jamii anayelipwa na mpango. Lakini aliyeanguka na bodaboda au kuumwa na nyoka hayumo humo.

Kwa hiyo napendekeza tuuze, fedha zote ziingie akaunti ya peke yake ya gari lijalo, na michango ya harambee hii iziongezee. Mafuta na posho visiiguse. Kadi ya gari na daftari la matengenezo vitakuwa mezani siku ya mkutano. Fikeni mapema mvisome.