Fundi wa simu ana nguvu kuliko fundi wa nyumba

Ukipeleka simu kutengenezwa pale Luthuli halafu ukose doo, fundi anabaki nayo. Hajakuibia. Sheria inamruhusu akae na hiyo simu mpaka umlipe kazi yake. Sasa fikiria msee aliyemwaga slebu ya ghorofa huko Ruaka na hajalipwa. Yeye atabaki na nini? Nyumba haibebeki. Ameshajenga, ameshatoka, na nyumba imebaki kwa mwenye ploti na benki iliyompa mkopo.

Hii tofauti ni ya zamani sana. Warumi walikuwa na kanuni moja ngumu: kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Tofali lako likishaingia ukutani, si lako tena. Waingereza wakaenda na wazo hilohilo. Aliyetengeneza saa au meli aliweza kuishikilia kwa sababu iko mkononi mwake. Aliyejenga nyumba alibaki kudai kama mtu yeyote aliyekopesha jirani.

Mambo yalibadilika Marekani, mwaka wa 1791. Nchi ilikuwa changa na ilitaka mji mkuu mpya, Washington, kwenye mashamba na misitu kando ya mto Potomac. Serikali haikuwa na pesa za maana, na mafundi hawakutosha. Nani angeacha kazi Philadelphia aende kujenga porini, tena kwa ahadi ya kulipwa baadaye? Septemba, Thomas Jefferson na James Madison walikutana na makamishna wa mji huo pale Georgetown. Moja ya mambo yaliyotoka kwenye mkutano ni kwamba mjenzi apewe dai juu ya nyumba yenyewe. Asipolipwa, nyumba ndiyo ijibu. Desemba, bunge la Maryland likapitisha sheria. Wanasheria huita dai hilo lieni, mimi nitaliita tu dai la fundi.

Msidhani ilikuwa huruma. Ilikuwa chambo, mji upate nyumba haraka. Na hebu angalia nani alihesabiwa kuwa fundi. Makamishna haohao walikodi watumwa kutoka kwa mabwana wao wakachimbe mawe na kupasua mbao, na malipo yakaenda kwa mabwana. Sheria ya kulinda jasho la mjenzi haikuliona jasho hilo hata kidogo.

Kisha wakaja matajiri. Mwaka wa 1793 Robert Morris, jamaa aliyesaidia kugharamia vita vya uhuru vya Marekani, alinunua na wenzake wawili viwanja 6,000 huko Washington, kwa ahadi ya kujenga nyumba 20 za matofali kila mwaka. Mpango wote ulisimama juu ya mikopo. Mikopo ilipokauka, wakaanguka. Morris aliingia jela ya wadeni mwaka wa 1798 na akatoka 1801, na nyumba kadhaa walizoanzisha zikaachwa nusu, zikageuka magofu.

Hapo ndipo swali gumu linajitokeza, na mpaka leo ndilo linapeleka watu kortini. Jengo ni moja, wadai ni kumi, nani wa kwanza?

Kwenye majimbo mengi ya Marekani, dai la fundi huhesabiwa kuanzia siku kazi ilipoonekana kuanza kwenye ploti, hata kama fundi wa stima alifika miezi mitano baadaye. Kwa hivyo, msingi ukichimbwa kabla benki haijasajili rehani yake, mafundi wanaweza kuruka mbele ya benki. Ndiyo maana kule hupigwa picha za ploti ikiwa tupu kabla ya kusajili mkopo. Yaani picha ya nyasi inaweza kuokoa mamilioni!

Wafaransa walikuwa na njia ninayoipenda zaidi, kwenye sheria zao za 1804. Mtaalamu aliyeteuliwa na korti anakagua mahali kabla ya kazi, na anarudi kukagua baadaye. Fundi anatangulia wadai wengine, lakini kwa ile thamani aliyoongeza tu. Ya ardhi haimhusu. Hiyo naona ni haki.

Kuna upande wa pili, na si wa matajiri peke yao. Familia changa imechukua mogeji, imemlipa kontrakta kila senti, kontrakta ametoroka. Halafu muuza mbao anakuja kudai kwao. Walipe mara mbili? Mwaka wa 1976 korti ya juu ya Maryland, palepale sheria hii ilipozaliwa, iliamua kwamba dai halifai kubana mali ya mtu kabla hajasikizwa. Tangu hapo fundi lazima apate amri ya korti kwanza, na akiipata, mara nyingi benki imeshakaa mbele.

Kwetu je? Tulipokea sheria ya kawaida ya Uingereza ya kufikia tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri inavyofaa hali yetu. Ilikuja bila dai la fundi wa nyumba. Sheria yetu ya Ardhi ya 2012 inapanga foleni ya malipo benki ikiuza nyumba ya mdeni: reti na kodi, gharama za mnada, benki yenyewe na wengine waliosajili rehani, kisha kinachobaki kinarudi kwa mwenye ploti. Fundi hana nafasi yake kwenye hiyo foleni. Aende kortini, adai deni kama wengine.

Mimi ningeiba ile ya Wafaransa. Mabenki yatasema riba itapanda, na huenda ikapanda kweli. Lakini saa hii hatari hiyo imebebwa na mtu wa kulipwa kwa siku, ambaye kinga yake pekee ni kukataa kupanda ngazi Jumatatu kama pesa ya Jumamosi haijaingia.