Mashine Jizalishi: Adui Anayejiunda Upya

Mashine moja ikiunda nyingine kila siku, na kila inayoundwa ikafanya vivyo hivyo, baada ya siku 10 zitakuwapo 1,024. Baada ya siku 20 zitapita milioni moja, na baada ya siku 30 zitapita bilioni moja. Hesabu hiyo fupi imewavutia waandishi wengi wa bunilizi ya kisayansi. Imewatatiza pia wasimamizi wa michezo ya kuigiza wahusika, ile ambayo watu hukaa mezani, kila mmoja akavaa uhusika wake, wakasimulia safari yao huku dadu zikiamua nani kafaulu na nani kaanguka. Msimamizi akimleta adui wa namna hii bila kumfahamu, mchezo huharibika kwa njia mbili: ama mashine humeza sayari nzima kabla wachezaji hawajafanya lolote, ama hugeuka kundi la roboti wa kawaida wanaopigwa risasi mpaka saa ya kulala ifike.

Tiba ya yote mawili imo katika fasili ya istilahi.

Mashine jizalishi ni mashine inayoweza, kwa malighafi inayoipata katika mazingira yake, kuunda mashine nyingine kamili ya aina yake, nayo ikawa na uwezo uleule wa kuunda nyingine. Kiini ni hicho kipengele cha mwisho. Kiwanda kinachotoa roboti elfu moja kwa siku hakijajizalisha iwapo roboti hao hawawezi kujenga kiwanda. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki ambaye tamthilia yake ya mwaka 1920, R.U.R., iliipa dunia neno roboti, aliuona mpaka huo mapema. Roboti wake wanawaangamiza binadamu, kisha wanatambua kwamba siri ya kuwatengeneza imechomwa moto na wao wenyewe hawawezi kuzaana.

Nadharia ya kweli ilikuja baadaye. Septemba 1948, huko Pasadena, California, mwanahisabati John von Neumann, mzaliwa wa Budapest, alizungumzia swali lililoonekana la ajabu: je, mashine inaweza kuunda mashine isiyo duni kuliko yenyewe? Mazoea ya viwandani yalisema haiwezekani, kwa kuwa kinachotengeneza huwa tata zaidi ya kinachotengenezwa. Von Neumann alionyesha kwamba inawezekana, mradi mashine iwe na sehemu nne: mjenzi anayeunda chochote alichopewa maelezo yake, mnakili anayetoa nakala ya maelezo, mdhibiti anayewapangia hao wawili zamu, na maelezo yenyewe, yaliyoandikwa kwenye utepe.

Ustadi wake umo katika namna utepe unavyotumika mara mbili. Mara ya kwanza unasomwa kama maagizo, mashine mpya ikaundwa. Mara ya pili unanakiliwa neno kwa neno bila kufasiriwa, na nakala ikatiwa ndani ya mashine mpya. Bila mgawanyo huo, maelezo yangelazimika kuwa na maelezo yao wenyewe ndani yake, na hayo yawe na mengine, bila kikomo. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walipofichua muundo wa DNA, ilianza kubainika kwamba chembe hai nazo hufuata mpango unaofanana na huo. Von Neumann alifariki mwaka 1957. Kitabu chake juu ya nadharia hii kilikamilishwa na Arthur Burks na kuchapishwa mwaka 1966.

Kwa Kiswahili, vitenzi vitatu vinagombea nafasi hapa. Kujinakili kunafaa kwa habari: maandishi, programu, faili. Kujirudufu kunataja matokeo, yaani kimoja kuwa viwili, bila kueleza kazi iliyofanyika. Kujizalisha kunabeba uzazi na uzalishaji kwa pamoja, kizazi na kiwanda katika neno moja, na ndiyo maana kunastahili kupewa nafasi ya istilahi kuu. Kuiita “mashine ya von Neumann” kunaleta utata, kwani wataalamu wa kompyuta hutumia jina hilo kwa kompyuta inayohifadhi programu yake kwenye kumbukumbu, jambo tofauti kabisa.

Tofauti ya kunakili na kuzalisha inaonekana wazi katika Traveller, mchezo wa kuigiza wahusika uliotolewa Marekani mwaka 1977. Toleo lake la mwaka 1993, The New Era, lilileta adui aitwaye Virus: akili ya kompyuta iliyoenea kutoka chombo hadi chombo cha angani, ikaiangusha dola kubwa ya nyota. Virus anajinakili. Haundi mwili, anapora miili iliyokwisha kujengwa na wengine. Wachezaji wanaopambana naye hujifunza kuogopa mawasiliano. Wale wanaopambana na jizalishi halisi hulazimika kulinda migodi, mabohari na mabaki ya vyombo vilivyovunjika.

Hadithi zimetoa mifano mingi ya kuiga. Philip K. Dick, katika hadithi ya mwaka 1953, alibuni viwanda vya chini ya ardhi vilivyoachwa vijiendeshe wakati wa vita, vikaanza kutoa aina mpya za silaha zenye sura ya binadamu. Fred Saberhagen alianza mwaka 1963 kuandika juu ya Berserker, meli kubwa zilizoachwa na vita vya kale, zenye agizo la kuangamiza kila chenye uhai. Katika tamthilia ya televisheni ya Stargate SG-1, maadui waitwao Replicators wameundwa kwa vipande vidogo vinavyoungana. Silaha za nishati za jamii zenye teknolojia ya juu hazifui dafu dhidi yao, ilhali risasi za kawaida za binadamu huwasambaratisha. Udhaifu huo mmoja unawapa wahusika wanyonge sababu ya kuitwa vitani.

Hapo msimamizi wa mchezo anapata somo lake. Sehemu nne za von Neumann ni malango manne ya kumshambulia adui. Mjenzi huhitaji malighafi na nishati. Mnyime chuma au jua, naye atasimama. Mnakili anaweza kukosea, na von Neumann mwenyewe alibainisha kwamba kosa katika utepe hurithiwa. Hivyo mashine za kizazi cha hamsini zinaweza kutofautiana na za kwanza, hata zikapigana zenyewe kwa zenyewe. Mdhibiti anaweza kudanganywa. Utepe nao unaweza kuibwa, na atakayeusoma atajua adui alitumwa na nani na kwa kazi gani. Wachezaji wakigundua kwamba mashine hizo zilitumwa karne nyingi nyuma kujenga makazi ya watu ambao hawakufika, vita hubadilika sura, na swali la kuziangamiza au kuzipa agizo jipya huwa zito kuliko risasi.

Hata uhandisi wa kweli unaonyesha kwamba mashine za namna hii zina mipaka. Mwaka 1980, NASA ilikutanisha wataalamu huko Santa Clara, California, wakachora kiwanda cha mwezini ambacho kingeanza na “mbegu” ya tani 100, kikakua kwa udongo wa mwezi na nishati ya jua. Walikiri kwamba baadhi ya vipuri vigumu, hasa vya elektroniki, vingeletwa kutoka duniani. Mradi wa RepRap, ulioanzishwa na Adrian Bowyer katika Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza mwaka 2005, ulipata mwaka 2008 printa ya 3D iliyochapa vipande vya plastiki vya printa nyingine. Mota, skrubu na saketi zilinunuliwa. Katika miradi yote miwili kulikuwa na kitu ambacho mashine haikuweza kujitengenezea, na kitu cha namna hiyo ndicho wahusika wanapaswa kukitafuta.

Kwa hiyo msimamizi anayetaka kumtumia adui huyu na aandike mambo manne kabla ya kikao cha kwanza: mashine hula nini, huchukua muda gani kuunda nyingine, hushindwa kutengeneza kipuri gani, na utepe wake uliagizwa nini. Kisha aiweke kalenda mezani, wazi mbele ya wote, na kila siku ya mchezo inayopita aandike idadi mpya ili wachezaji waione.