Kolektivite, Ujima na Salongo: Maana ya Neno katika Bukavu

Katika Kiswahili sanifu, fikra ya kuitanguliza jumuiya mbele ya mtu binafsi ina istilahi mbili zinazokaribiana. Ujima hutumiwa na wanahistoria kuutaja mfumo wa kale wa kuzalisha mali kwa pamoja. Ujamaa, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, ulikuwa jina la siasa ya Tanzania, na wafuasi wake waliitwa wajamaa.

Bukavu neno lilifika kwa njia nyingine. Wasemaji walipokea kutoka Kifaransa neno "kolektivite", lakini si kama itikadi. Kwa mujibu wa sheria ya 1982, kolektivite ilikuwa ngazi ya utawala: ama sekta, ama uchifu ulioongozwa na mwami, kama Kabare na Ngweshe katika Bushi. Kwa hiyo kauli "ardhi ya kolektivite" iliweza kumaanisha ardhi ya wote, au ardhi iliyo chini ya mkono wa mwami.

Utata huo haukuwa wa kamusi tu. Katika Bushi mkulima alipata haki ya kudumu juu ya shamba kwa kutoa kalinzi, kwa kawaida ng'ombe, kwa mwami au mwakilishi wake. Sheria ya Julai 1973 ikatangaza ardhi yote kuwa mali ya Dola. Haki za jumuiya za wenyeji zingewekewa taratibu kwa amri ya Rais. Hadi Katiba ya 2006 ilipotangazwa, amri hiyo ilikuwa haijatolewa. Katika pengo hilo, aliyekuwa na kalinzi pekee aliweza kunyang'anywa shamba na mwenye hati.

Salongo nayo, neno la Kilingala lenye maana ya kazi, ilikuwa kazi ya pamoja ya lazima wakati wa Mobutu. Likelemba, ambamo wenzi huchanga fedha na kupokezana kwa zamu, hutegemea hiari na uaminifu. Zote mbili ni za pamoja, lakini hazilingani.

Sheria ya 2008 ilizitaja ngazi zile kwa majina ya sekta na uchifu. Hata hivyo funzo limebaki: mfasiri anayekutana na neno la "pamoja" hana budi kuuliza kwanza ni nani anayemiliki, ni nani anayeamua, na ni nani awezaye kukataa.