Kengele za Tibet na Ringi Iliyotundikwa Mtini



Wapendwa wasomaji, juma hili tunapenda kutafakari juu ya kengele. Vijana wetu wanaorudi likizo kutoka vyuoni hutusikilizisha, katika simu zao, sauti za kile kinachoitwa "kengele za Tibet za kutafakari", na kuuliza kama ni halali kwa Mkatoliki kuzisikiliza. Swali ni zuri. Lakini kabla ya kulijibu yafaa tujue kengele hizo ni kitu gani, na tena sisi wenyewe, huku Mbulu na Hanang, tumeishi na kengele za namna gani.

Huko Tibet mtawa wa Kibudha hushika mkono wa kushoto kengele ndogo ya shaba nyeusi, iitwayo drilbu, na mkono wa kuume kifaa kifupi chenye ncha mbili, kiitwacho dorje. Kengele ni alama ya hekima. Dorje ni alama ya huruma na ya njia ya kutenda. Viwili hivyo havitenganishwi, kwa maana kwao hekima isiyo na huruma ni kilema. Wala kengele hiyo haipigwi ili mtu apate usingizi mwororo. Hupigwa ndani ya ibada ndefu, katikati ya sala, kama sadaka ya sauti.

Yale mabakuli ya shaba yanayosuguliwa ukingoni kwa kijiti mpaka yavume ni habari nyingine. Sifa yake ilienea Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970. Mwaka 1972 Henry Wolff na Nancy Hennings walitoa santuri iliyoitwa Tibetan Bells, na tangu hapo mabakuli yameuzwa kama chombo cha kale cha watawa. Ushahidi kwamba watawa wa zamani waliyatumia kwa kutafakari ni haba mno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale wanayoyasikia vijana wetu imetoka dukani zaidi kuliko monasterini, na Wabudha wenyewe wana haki ya kulalamika.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaye ndugu wa bakuli hilo, nao ni upatu: chombo cha shaba kilichopigwa kwa kijiti katika ngoma za pwani. Siku hizi neno limebaki midomoni mwa akina mama wanaochangiana fedha kwa zamu, na wengi wanaocheza upatu hawajapata kuuona upatu wenyewe.

Ipo pia kengele ya Tibet iliyo yetu sisi Wakatoliki. Mnamo mwaka 1707 Wamisionari Wakapuchini walifika Lhasa, mji mkuu wa nchi ile, nao wakafanya kazi huko, kwa kukatizwa mara kadhaa, hadi walipolazimika kuondoka mwaka 1745. Kanisa lao halikubaki. Kilichobaki ni kengele yao, ambayo wageni wa karne ya 20 waliikuta ndani ya Jokhang, hekalu tukufu kuliko yote ya Lhasa, ikiwa bado na maandishi ya Kilatini ya mwanzo wa utenzi wa Te Deum. Watu wa dini nyingine waliitunza kengele ya wageni kwa karne mbili, hawakuiyeyusha. Waamini wa Mbulu watapendezwa na habari hii kwa sababu maaskofu wao wawili, Yuda Thaddaeus Ruwa'ichi, aliyeanza mwaka 1999, na Beatus Kinyaiya, aliyemfuata mwaka 2006, wote ni Wakapuchini.

Basi turudi kwetu. Kengele haikuletwa huku na padre. Katika mbuga za Basotu na miteremko ya Hanang, ng'ombe wa Wabarabaig walivishwa kengele shingoni, na mchungaji aliyelala chini ya mgunga aliwajua ng'ombe wake kwa sikio. Wahunzi wa Kidatoga, watu wa Gidang'odiga, hadi leo huyeyusha makufuli na vyuma chakavu vya shaba wakatoa bangili na vichwa vya mishale. Kwa hiyo Mapadre Weupe walipofika Tlawi mapema katika karne ya 20, na baadaye Wapallottini waliokabidhiwa eneo la Mbulu lilipofanywa kuwa Prefektura ya Kitume mwaka 1943, hawakuwafundisha watu kusikiliza kengele. Jambo jipya lilikuwa kwamba sasa kengele iliwaita watu, wala si mifugo. (Wazee wengine walilitania jambo hilo, nasi tunaona utani huo una theolojia nzuri ndani yake, kwa maana Mchungaji tunaye.)

Kengele ya misheni ilikuwa pia saa ya watu wote. Alfajiri, adhuhuri na jioni ililia kwa sala ya Malaika wa Bwana, na hata asiyebatizwa alijua kwamba sasa ni wakati wa kutoka shambani. Kengele ya adhuhuri ina historia ya hofu: mwaka 1456 Papa Kalisti III aliagiza kengele zipigwe mchana ili Wakristo wawaombee waliozingirwa Belgrade.

Jimbo liliundwa mwaka 1953, na vigango vikaongezeka kuliko kengele. Kengele ya kusubu ni ghali, ni nzito, na barabara zetu tunazijua. Hapo ndipo ilipozaliwa kengele ambayo wengi wenu mmekua nayo: ringi ya gurudumu la lori, imetundikwa mtini kwa mnyororo, na kipande cha nondo kando yake. Haina maandishi ya Kilatini, lakini kijiji kizima huitambua, na katekista akichelewa kuigonga, watu huuliza kama anaumwa.

Mombasa kuna mahali panapoitwa Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Freretown, kijiji ambacho Waanglikani wa CMS walikianzisha katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele ile iliwaita watu kusali, tena iliwaonya walipokuja watu wa kuwakamata upya. Chuma kilekile kilifanya kazi zote mbili, na mpigaji hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Twaandika haya tukiikumbuka Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa mvua iliporomoka, na tope, mawe na magogo vikashuka juu ya nyumba za Gendabi na mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa. Ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, na Injili ya siku hiyo ilikuwa ya Marko, ile ya bawabu aliyeamriwa kukesha. Hatudai kwamba ringi moja mtini ingelizuia tope lile. Twasema tu kwamba mtu aliye peke yake na sauti tamu masikioni hawezi kuonywa, wala hawezi kumwonya jirani.

Jibu letu kwa vijana ni fupi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Nostra Aetate ya mwaka 1965, ulisema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Barua ya mwaka 1989 ya Idara ya Mafundisho ya Imani juu ya tafakari ya Kikristo haikuzikataa njia za Mashariki, bali ilionya tusidhani kwamba utulivu wa mwili ndio sala yenyewe. Sikilizeni mkipenda, ila msiite sala.

Na kwa vigango vilivyo chini ya mlima tuna pendekezo. Halmashauri zikubaliane juu ya mlio wa hatari, mapigo ya haraka yasiyokatika, usiofanana na mlio wa Misa wala wa msiba. Watoto wafundishwe. Na ile nondo ya kugongea isifungiwe sakristia usiku. Ikae nje, penye ringi, ambapo yeyote atakayeamka wa kwanza ataipata.