Vita ya Basoko 1877: nani alishika kifaa cha kuchonga?

Basoko munaijua: chini ya Kisangani, pale Aruwimi inaingia katika mto Kongo. Tarehe 1 Februari 1877 Stanley alipita pale akishuka mto. Anaandika kwamba alihesabu mitumbwi 54, na ule mkubwa ulikuwa na wapiga kasia 80, arobaini kila upande. Mwaka 1878 kitabu chake kikatoka London, na pambano lile limo ndani kama picha ya kuchongwa.

Kwa nini ya kuchongwa? Wakati ule fotografia haikuweza kuchapwa vizuri pamoja na maandishi. Linganisha vifaa viwili vya wachapaji. Bamba la shaba linatoa mistari myembamba sana, lakini wino unakaa ndani ya mifereji, basi linataka mashine yake peke yake. Ubao mgumu, uliokatwa kwa kuvuka nyuzi za mti, unachongwa kwa burini, kichuma chenye ncha kali. Hapo wino unakaa juu, sawa na kwa herufi za risasi, kwa hiyo picha na maneno vinachapwa mara moja. Bei inashuka, kopi zinakuwa maelfu. Ndiyo maana vitabu vya safari vilipenda ubao.

Lakini ubao na burini vilikuwa Ulaya, katika karakana za watu waliolipwa kuchonga kile mwandishi alichosimulia. Mwenye kifaa ndiye alichagua kipi kionekane.

Upande wa pili uko. Chifu Mojimba alimsimulia Padri Joseph Fraessle habari ya siku ile: watu walivaa mavazi ya sherehe, wakatoa mitumbwi mikubwa, wakapiga ngoma, wakaenda kumpokea mgeni. Wakajibiwa kwa risasi. Mitumbwi ni ileile, ngoma ni zilezile. Kwa Stanley ni shambulio, kwa Mojimba ni karibu. Kitabu cha 1878 kilichonga moja tu.

Leo kifaa si cha mbali tena. Kipande cha linoleo kinatosha, na patasi ndogo mbili: ya umbo la V kwa mistari, ya umbo la U kwa kuondoa sehemu pana. Ongeza rola na wino. Mashine ikikosekana, sugua karatasi kwa mgongo wa kijiko. Chora kinyume, maana picha itatoka imegeuka. Patasi iwe kali, butu inateleza, na mkono wa pili ukae nyuma ya ncha.

Walimu wa historia na sanaa muko wengi kati yetu. Peeni wanafunzi kazi hii: picha mbili za siku moja, ya Stanley na ya Mojimba, zitundikwe pamoja ukutani. Nani ataanza?